Hati ya Kufika Salama

Nchi hii haimo katika ramani yoyote, na msomaji atakayedhani ameitambua ajue kwamba dhana hiyo ni yake mwenyewe, asije akanitia mimi ndani. Ninachoweza kusema ni kwamba ni nchi njema, yenye Baba Mlezi mmoja, redio moja, na wananchi ambao hali ya afya yao hutangazwa kila asubuhi kabla wenyewe hawajaamka.

Mwaka mmoja Baba Mlezi alikerwa na mpaka. Mpaka ulikuwa mahali pake pa siku zote, ukingoni mwa nchi, na hilo hasa ndilo lililomkera. Alisimama mbele ya Baraza Kuu akahutubia, na redio ikairudia hotuba ile siku tisa mfululizo: "Ndugu wananchi! Adui hangojwi mlangoni. Adui anafuatwa hukohuko aliko, akiwa bado anafunga sanduku lake! Mpaka uliokaa mahali pamoja ni mpaka mvivu. Kuanzia leo, mpaka wetu utasafiri!" Wajumbe walipiga makofi hadi mmoja wao akateguka kifundo cha mkono. Akapewa nishani, akavalishwa kwenye mkono mzima.

Basi mpaka ukasafiri. Ulipelekwa Ng'ambo, katika uwanja mkubwa wa ndege, ukapangishiwa ukumbi mwishoni kabisa, ukishapita maduka ya manukato na vyoo vya mwisho, Mlango wa Arobaini na Moja. Mafundi walichora mstari wa kijani sakafuni. Upande wa huku wa mstari ulikuwa Ng'ambo. Upande wa pili ulikuwa nyumbani, kwa sheria zote na adhabu zake, ingawa ndege yenyewe ilikuwa bado haijatiwa mafuta. Raia akishavuka mstari, amefika. Jina lake liliingizwa katika Daftari la Waliofika, na kwao ikapelekwa Hati ya Kufika Salama, yenye fremu na kioo.

Serikali haikutaka raia ajisikie mgeni katika ukumbi ule. Saa ya ukutani ilifuata majira ya nyumbani. Picha ya Baba Mlezi ilitundikwa pande zote nne, akiangalia katikati. Hata umeme ulikatwa kwa mgao, kama tulivyozoea. Tatizo ni kwamba umeme wa Ng'ambo haujui kukatika, kwa hiyo aliajiriwa ofisa maalumu, mwenye kofia na cheo, kazi yake kuuzima. Inasemekana huyo ndiye aliyekuwa mchapakazi kuliko wote kituoni.

Tangu kituo kifunguliwe, redio ilitangaza, hakuna raia hata mmoja aliyezuiwa kurudi nyumbani. Na redio haikusema uongo. Wote walikuwa wamefika.

*

Kidawa Shaame alikuwa ameishi Ng'ambo miaka tisa, akiwalisha na kuwaogesha wazee wasio wake katika nyumba ya kulelea wazee. Mama yake mwenyewe, Bi Raya, aliogeshwa na majirani. Jambo hilo lilimuuma Kidawa kila alipokamua kitambaa, na vitambaa kwa siku vilikuwa vingi.

Alikuwa na mdogo wake, Faki, ambaye naye alikuwa Ng'ambo, akifanya kazi katika karakana ya mabasi. Faki alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Bi Raya alimpiga mwiko utoto wake wote ili atumie wa kulia kwenye chakula, wapi. Na alikuwa na fundo lake. Tangu akiwa mtoto wa kufunga mbuzi, Faki alifunga fundo la peke yake, la kugeuza mara tatu na kurudisha ncha ndani, ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulifunga wala kulifungua. Bi Raya alikuwa akilikata kwa kisu huku akimlaani, kisha kicheko kinamshinda.

Miaka mitatu nyuma Faki alifunga sanduku kurudi kwao. Kidawa alimsindikiza hadi mahali pa kusindikizia, akamwona anavuka mstari wa kijani na kugeuka kumpungia mkono, ule wa kushoto. Siku ya pili yake sheha wa mtaa alibisha hodi kwa Bi Raya, amekumbatia fremu.

"Hongera, mama. Kijana wako amefika salama."

"Alhamdulillahi. Yuko wapi?"

"Amefika. Imeandikwa hapa."

"Nimesikia imeandikwa. Nauliza yeye mwenyewe yuko wapi."

"Mama," alisema sheha, kwa ule upole wa mtu mwenye kalamu mfukoni, "unaitilia shaka hati?"

Bi Raya hakuitilia shaka. Aliitundika ukutani, palipo na mwanga. Lakini kila adhuhuri alipakua sahani ya Faki, akaifunika kawa, na jua likielekea kuzama akaifunua akawapa kuku. Kidawa aliandika barua kumi na saba wizarani. Alijibiwa mara kumi na saba, kwa haraka ya kusifiwa na kwa maneno yaleyale: raia mtajwa amefika, tafadhali ulizia nyumbani.

Kisha ikaja simu. "Macho yananiishia, mwanangu," Bi Raya alisema. "Hospitali wameniambia ni presha ya macho. Dawa wanaijua jina, yenyewe hawana. Siku hizi watu nawaona kama nguo zilizoanikwa. Njoo nikuone sura yako kabla hakujawa giza tupu. Nilizaa wawili, nipate kuona hata mmoja."

Kidawa alilia mpaka akachoka, akaosha uso, akaanza kufunga mizigo. Alichukua chupa sita za dawa ya matone, ile hasa aliyoandikiwa mama. Alichukua tochi. Na juu kabisa aliweka kanga yake kuukuu, nusu ya doti ambayo mama aliikata siku ya kuagana, nusu moja akambakishia yeye na nyingine akajifunga kiunoni, akisema zitaungana siku atakaporudi.

*

Ofisa wa Ng'ambo aligonga muhuri katika pasi ya Kidawa, akamtakia safari njema, kisha akageuza kiti chake kuelekea ukutani. Maofisa wote wa Ng'ambo waliokaa karibu na Mlango wa Arobaini na Moja walikalia viti vya namna hiyo. Kidawa alivuta pumzi akavuka mstari.

Alivuliwa viatu, mkanda, mtandio na saa, akapitishwa kwenye mashine. Mashine haikulia. Ilikuwa mashine ya Ng'ambo na ilitafuta vitu vidogovidogo tu, kama visu na mabomu. Ukaguzi wenyewe ulikuwa mbele, kwenye meza ya Mkuu wa Kituo, Afande Simai Ubwa.

Afande Ubwa alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Watu walisema hajawahi kumkaripia msafiri yeyote. Alifungua sanduku la Kidawa kwa vidole viwili, akatoa chupa sita akazipanga mstari.

"Hizi nini, dada yangu?"

"Dawa ya macho, afande. Ya mama yangu. Haoni vizuri."

Ubwa aliweka kalamu chini kana kwamba imemchoma. "Tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba wananchi wanaona mbali. Uliisikia?"

"Sikuisikia, afande. Nilikuwa kazini."

"Haidhuru, ilitangaza. Sasa wewe unaingia nchini na chupa sita zinazosema redio haioni. Mtu akiweka tone moja jichoni, jirani atauliza, una nini? Naye atasema, siku hizi sioni. Hapo tayari ni mkutano." Akazivuta zile chupa upande wake wa meza. "Hizi si dawa, dada yangu. Ni tuhuma. Sita."

Kidawa alizinyooshea chupa mkono. "Basi naomba nirudi nje dakika moja, nimpe mwenzangu anihifadhie. Kuna watu waliokuja kunisindikiza."

"Nje wapi?"

"Pale tu, afande. Ng'ambo ya mstari."

"Lo! Pale ni nchi ya watu, na wewe viza yake umeshaifunga kwa muhuri." Ubwa alitabasamu kwa huruma ya kweli. "Umefika nyumbani. Mtu akifika kwao anatoka kwenda wapi?"

Akaichukua tochi. "Na hii inalalamikia umeme." Kabla hajamaliza kusema, yule ofisa mwenye kofia alitimiza wajibu wake na ukumbi mzima ukawa giza. Hakuna aliyeguna. Sauti ya Afande Ubwa ilitoka mahali palepale, ileile. "Unaona? Wala hatuihitaji." Kisha akaiwasha tochi ya Kidawa, akaandika kwa mwanga wake kwamba tochi imetaifishwa.

Taa ziliporudi, Kidawa alijikaza. "Afande, nina swali. Mdogo wangu alipita hapa miaka mitatu iliyopita. Faki Shaame. Mpaka leo nyumbani hajaonekana."

Ubwa alifunua Daftari la Waliofika bila kutafuta, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: jina, tarehe, saa, sahihi iliyolalia kushoto. "Huyu hapa. Amefika."

"Lakini hajaonekana."

"Kufika ni idara yangu," alisema Afande Ubwa. "Kuonekana ni idara nyingine."

Kanga ilipelekwa chumba cha pembeni, ambako wataalamu wawili waliyasoma maandishi yake kutoka mbele, kisha kutoka nyuma, kisha wakaishika juu ya taa. Ilipita. Ilionekana kuwa kitu pekee katika sanduku lile chenye asili ya nyumbani, na ilitunzwa kungoja mwisho wa ukaguzi.

*

Baada ya forodha ya sanduku ilifuata forodha ya kichwa. Afande Ubwa alisimama, akafunga vifungo vya koti, akatoa hotuba ambayo ilikuwa dhahiri kwamba anaipenda.

"Dada yangu, bunduki si kitu. Bunduki ina chuma, tunaiona. Bidhaa hatari kuliko zote inaitwa mlinganisho. Haina harufu, mbwa hawainusi. Mtu anakaa Ng'ambo miaka tisa, anaipakia kichwani, anashuka nayo. Jioni anakunja miguu mkekani, watu wanamzunguka, wanamwambia, haya, tupe habari za huko. Desturi yetu hiyo, nzuri sana, sisi hatuipingi. Naye anafungua mdomo anasema, kule bwana... Akishasema 'kule bwana', kesho yake mtaa mzima unalinganisha. Maji yanalinganishwa. Barabara zinalinganishwa. Mungu apishe mbali, hata viongozi!" Akajifuta jasho. "Ndiyo maana serikali, kwa mapenzi yake, inakupa nafasi ya kusimulia hapa kwanza. Ukisimulia vizuri, unapanda ndege. Ukikosea, unapumzika kwetu mpaka usahau."

Ukutani palibandikwa jibu, kwa herufi kubwa, ili asiwepo wa kusema hakusaidiwa: SIKUANGALIA.

Aliingizwa katika chumba kilichotengenezwa kama sebule ya kwetu. Mkeka ulikuwepo, mito ilikuwepo, dele la kahawa lilifuka moshi juu ya mkaa wa umeme, na kulikuwa na sahani ya kashata zilizogandishwa kwa gundi zisiliwe. Jamaa watatu walikuwa wameketi wakimngoja, kila mmoja na kibandiko kifuani. SHANGAZI alikuwa koplo mwenye masharubu, aliyejifunga kanga mbili na kushika tama. MJOMBA alikuwa ameshaanza kusinzia. Wa tatu alikaa pembeni, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, na ndevu za pamba zilizofungwa kwa uzi masikioni. Yeye aliitwa JIRANI NAMBA MBILI. Jirani Namba Moja hakuwepo, na hakuna aliyeeleza.

Afande Ubwa alikaa kwenye stuli na saa mkononi.

"Jamani, mwanetu karudi!" alipaza Shangazi kwa sauti nzito, akisoma kadi. "Karibu, karibu. Haya, tupe habari za huko. Eti maji ya bomba yanatoka kila siku?"

"Sikuangalia, shangazi," alisema Kidawa.

"Na hospitali? Mtu akienda na ugonjwa anarudi na dawa?"

Kidawa alizikumbuka chupa sita. "Sikuangalia."

"Wakubwa wao wakiiba, wanashikwa?" aliuliza Mjomba, akizinduka.

"Wala sikuangalia."

Afande Ubwa aliandika kitu na akaonekana kuridhika. "Jirani, endelea. Na mpe mgeni kahawa."

Jirani Namba Mbili aliliinua dele akamimina kikombe. Alilishika kwa mkono wa kushoto. Kidawa aliutazama mkono ule, kovu la kisu cha kukatia kamba chini ya kidole gumba, na akautambua. Kikombe kilikuja mbele yake. Alipokishika, vidole viwili vya Jirani vilibaki juu ya vyake kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha vikaondoka.

"Mwanangu," alisoma Jirani kwenye kadi yake. Sauti ilikuwa ya Faki, imezeeka kwa amri. "Huko mabasi yanakuja kwa wakati wake?"

"Sikuangalia," alisema Kidawa, kwa shida.

"Vema sana. Mimi niliwahi kuulizwa hivyo, nikasema yanakuja."

"Hilo halimo kwenye kadi," alisema Afande Ubwa.

"Samahani, afande. Uzee huu."

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Aligeuza kadi, akaisoma kimoyomoyo kwanza.

"Na mdogo wako, mwanangu. Faki. Hajambo?"

Shangazi aliacha kushika tama. Hata Mjomba alikuwa macho, na Kidawa akaelewa kwamba hili ndilo swali, na kwamba yale mengine yote yalikuwa ya kupashia kahawa moto. Akisema huyu hapa, wataketi wawili juu ya mkeka huu, na kule nyumbani sheha atabisha hodi na fremu ya pili kwa mwanamke anayepapasa ukuta. Akisema lile linalotakiwa, atakuwa ameitia sahihi ile hati kwa ulimi wake mwenyewe, mbele ya mdogo wake, na hakuna barua ya kumi na nane itakayoweza kuifuta.

Saa ya Afande Ubwa ilisikika.

"Jibu, mwanangu," alisema Jirani polepole, macho yake yako kwenye mkeka. "Nilisikia nyuma ya pazia, ulipokuwa mezani kwa afande, kwamba mamako haoni vizuri."

"Wananchi wanaona mbali," Afande Ubwa alimkumbusha.

"Naam. Nimesikia mamako anaona mbali. Basi anakuona unavyokuja. Usimkawize."

Kidawa alishusha kikombe. Alimtazama mdogo wake usoni, kwa mara ambayo alijua huenda ni ya mwisho, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye stuli: "Hajambo. Alifika zamani. Yuko nyumbani."

"Alhamdulillahi," alisoma Jirani Namba Mbili. Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi. Lakini pamba upande mmoja wa uso wake ililowana, na yeye akajifanya anaikuna.

Afande Ubwa alipiga makofi, na Shangazi na Mjomba wakamfuatia. Muhuri uligongwa. Kadi ya mwisho ilisema Jirani amkabidhi msafiri mzigo wake, kama ilivyo heshima. Faki aliipokea kanga kutoka chumba cha pembeni, akaikung'uta, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Alichukua muda wake. Kisha akaiweka juu ya mikono miwili ya dada yake, akarudi pembeni kuketi.

Mlangoni Kidawa hakuweza kujizuia. "Afande, yule jirani ataondoka lini?"

"Akisahau," alisema Ubwa.

"Asahau nini?"

"Akiwa bado anakijua, dada yangu, hajakisahau." Akamfungulia mlango wa ndege kwa adabu zote.

*

Uwanja wa ndege wa nyumbani haukuwa na ofisa hata mmoja. Wa nini, na mpaka haupo? Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, na mbuzi wawili walilala penye kivuli cha mashine ya zamani. Kidawa alipita hadi nje bila kuulizwa jina. Yeye alikuwa amefika tangu jana.

Hati yake ilikuwa imemtangulia. Alipoinama kuingia mlangoni kwao aliikuta ukutani, kioo kinang'aa, ubavuni mwa ile ya Faki. Na juu ya meza kulikuwa na sahani mbili, kila moja na kawa lake. Bi Raya alikuwa ameketi chini ya hati hizo mbili, nusu ya doti kiunoni, mikono mapajani, na hakugeuka.

"Hodi, mama."

"Karibu," alisema Bi Raya kwa sauti ya kumkaribisha yeyote. "Kama ni habari za hati, nimeshaletewa."

"Mama, ni mimi."

Bi Raya alinyoosha mkono, akausogeza hewani, akaupata uso. Aliupapasa kuanzia paji mpaka kidevuni, akarudia, akashika masikio yote mawili. Ndipo akapiga yowe ambalo lilileta mtaa mzima. Macho yake yalikuwa wazi, makubwa, yamemwelekea mwanawe sawasawa, na Kidawa akajua kwamba amechelewa.

Baada ya alasiri watu walijaa mkekani. Shangazi yake halisi alikuja, na Kidawa, Mungu amsamehe, alimkagua kwanza juu ya mdomo. Majirani walikuja. Sheha alikuja, akaketi karibu na mlango, akatoa daftari dogo akaliweka gotini kama mtu anayeweka kofia. Kahawa ikapita.

"Haya, mwanetu," alisema shangazi, akikunja miguu. "Tupe habari za huko. Eti maji yanatoka kila siku?"

"Sikuangalia, shangazi."

"Na hospitali zao?"

"Sikuangalia."

Watu walitazamana, kisha wakatazama vikombe vyao. Hakuna aliyeshangaa sana. Kidawa alifungua sanduku, akatoa ile kanga, akaiweka mapajani mwa mama yake. "Ile nusu ya pili, mama. Nimeirudisha."

Bi Raya aliichukua akaanza kuitafuta kwa vidole, pindo kwa pindo, huku akiinua uso. "Kidawa. Wewe umepita mlango uleule aliopita mdogo wako. Watu waliokukagua ndio waliomkagua. Umemuona mwanangu?"

Sheha alifungua kalamu.

Kidawa aliiangalia kalamu ile. Aliangalia hati mbili ukutani, na mama yake chini yake. "Sikuangalia, mama," alisema.

Vidole vya Bi Raya vilikuwa vimefika kwenye pindo la nne, vikasimama. Palikuwa na fundo pale. Alilishika kwa kidole gumba na cha shahada, akalifuata linavyogeuka, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ncha ilipoingia ndani na kupotea. Alilifuata tena tangu mwanzo. Hakujaribu kulifungua, na hakuitisha kisu. Alifumba macho yake yasiyoona, akalifunika fundo kwa kiganja.

"Umesikia, sheha?" alisema. "Kila mtu kafika."

"Nimesikia, mama." Sheha aliandika. Kisha akashusha miwani. "Na hilo fundo ni la nini?"

Shangazi alianza kuokota vikombe ambavyo bado vilikuwa na kahawa.

"La kunikumbusha," alisema Bi Raya.

"Kukukumbusha nini?"

Bi Raya aliugeuza uso wake kuelekea sauti ile, taratibu, kwa upole wote wa mwanamke aliyekwisha kutundika fremu mbili.

"Nimesahau, mwanangu," alisema.

Sheha akaandika neno hilo, akalipigia mstari chini yake, akapuliza wino ukauke.